Jamaa za Elementi

Watoto, jiwe halijulikani kwa macho tu. Wachimbaji wa Maniema hutoa chini ya udongo mawe meusi ya namna tatu: kasiteriti, koltani na wolframiti. Yote ni meusi, au ya rangi ya kahawa iliyokaangwa sana. Yote ni mazito mkononi kuliko jiwe la kawaida la mtoni. Ukiyachanganya katika karai moja, mtu asiyefundishwa atasema: "Haya ni mawe ya namna moja." Na mnunuzi mwenye hila aweza kununua koltani kwa bei ya kasiteriti, naye mchimbaji ataondoka akishukuru.

Iko njia ndogo ya kuyapambanua. Tafuteni kipande cha sahani nyeupe iliyovunjika. Tazameni pale ilipovunjika: hapang'ai, ni peupe na pakavu, na ukipapitisha kidole panakwaruza. Sugueni jiwe hapo. Kasiteriti, ijapokuwa nyeusi, huacha alama nyeupe au ya kahawia hafifu. Wolframiti huacha alama ya kahawia iliyoiva au nyeusi, na koltani vilevile huacha alama ya giza. Basi rangi ya nje ilitudanganya. Jiwe liliposuguana na kitu kingine, ndipo lilipoonyesha tabia yake.

Lishikeni neno hili, tabia. Wenye elimu walipotaka kupanga vitu vyote vya dunia, walihangaika miaka mingi mpaka walipoacha kutazama sura, wakaanza kuuliza: kitu hiki hufanya nini kikikutana na kingine?

Lakini kwanza tujue ni vitu gani walivyovipanga. Maji yaweza kutenganishwa yakawa hewa mbili, hidrojeni na oksijeni. Kasiteriti ikichomwa pamoja na makaa katika tanuru kali, hutoka bati. Oksijeni iliyokuwa imeshikamana na bati hushikwa na makaa, ikaenda nayo hewani. Lakini bati lenyewe, ulichome, ulikate, ulisage, halitoi kitu kingine ila bati. Kitu cha namna hii, ambacho moto na dawa haziwezi kukigawanya kuwa vitu vya namna nyingine, huitwa elementi. Chuma ni elementi. Na shaba, zahabu, risasi, kiberiti cha manjano, zote ni elementi. Makaa safi ni elementi pia, jina lake kaboni. Leo watu wanajua elementi 118. Nyingi hupatikana katika udongo, maji na hewa. Nyingine zimetengenezwa na watu katika nyumba za uchunguzi, na nne za mwisho zilipewa majina yake mwaka 2016.

Wahunzi wetu wa zamani walizifahamu tabia za elementi kabla ya shule yo yote. Walipanga mawe ya chuma na makaa katika tanuru ya udongo, wakavukuta mivukuto usiku kucha. Makaa yakanyang'anya oksijeni iliyokuwa katika mawe, chuma kikabaki. Hawakuwa na neno oksijeni, lakini majembe walikuwa nayo.

Sasa tazameni jamaa ya kwanza, nayo imo jikoni. Kabla chumvi ya dukani haijaenea katika nchi za ndani, watu wa sehemu nyingi za Kongo walipika chumvi ya majivu. Walikata majani ya majini, wakayakausha juani, wakayachoma. Majivu waliyatia katika chungu chenye matundu chini, wakamimina maji juu yake. Maji yaliyochuruzika waliyachemsha mpaka yakakauka, na chumvi ikabaki chini ya chungu. Waulizeni nyanya zenu kama wanaikumbuka. Ladha yake si sawa kabisa na ya chumvi ya bahari: ina uchungu kidogo. Sababu ni hii. Chumvi ya bahari ni elementi mbili zilizoshikamana, sodiumu na klorini. Katika chumvi ya majivu, mahali pa sodiumu pamekaliwa zaidi na elementi nyingine, potasiumu. Hata jina lake latoka kwa majivu: Wazungu walikuwa wakiyapika majivu katika vyungu kama wazee wetu, na jina "potasi" maana yake ni majivu ya chungu.

Mwingereza Humphry Davy alizitoa elementi hizi mbili kwa nguvu ya umeme katika mwezi wa Oktoba 1807, moja baada ya nyingine kwa siku chache tu. Alizikuta ni ndugu kweli. Zote mbili ni metali laini, kisu huzikata kama sabuni. Zote hung'aa zikikatwa, kisha hufifia upesi. Zote huchukia maji: sodiumu ikitiwa majini hukimbia huku na huku juu ya maji ikitoa mvuke, na potasiumu huwaka moto papo hapo. Ndugu yao mdogo ni litiumu, ambayo majini hububujika kwa upole. Litiumu nyingi sana iko Manono, upande wa kusini mwa nchi yetu ya Maniema, na watu wa dunia nzima wanaitafuta kwa sababu hutiwa katika betri za simu. Litiumu, sodiumu, potasiumu: kadiri elementi ya jamaa hii ilivyo nzito, ndivyo ukali wake unavyozidi.

Klorini nayo ina jamaa yake. Ikiwa peke yake ni hewa ya rangi ya kijani na manjano, na ni sumu. Mwaka 1915, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, iliachiliwa juu ya askari karibu na mji wa Ypres katika Ubelgiji, wakafa wengi kwa kukosa pumzi. Lakini ikishikana na sodiumu, ukali wa zote mbili unakwisha, nasi tunaitia katika sombe. Ndugu wa klorini ni iodini. Kwa kuwa ni wa jamaa moja, iodini nayo hushikana na sodiumu au potasiumu kwa njia ile ile, ikawa chumvi. Kwa hiyo ni rahisi kutia iodini kidogo katika chumvi ya chakula, na hiyo huzuia rovu, ule uvimbe wa shingo uliowatesa watu wengi wa mashariki ya Kongo.

Mjerumani mmoja, Johann Döbereiner, aliona jamaa ndogo kama hizi tangu mwaka 1829. Lakini zilikuwa jamaa chache, elementi tatu hapa na tatu pale, na nyingine zote zilibaki zimetawanyika bila mpango.

Mtu aliyezipanga zote ni Mrusi, Dmitri Mendeleev. Alizaliwa mwaka 1834 katika mji wa Tobolsk, nchi ya baridi kali ya Siberia. Alipokuwa mwalimu katika mji wa Saint Petersburg, alitaka kuandikia wanafunzi wake kitabu cha kemia. Nayo ilikuwa taabu: siku zile elementi zilizojulikana zilikuwa 63, naye hakutaka kuzifundisha ovyo, kama mtu anayemwaga gunia la vitu sokoni. Akaandika habari za kila elementi: uzito wake, na namna inavyoshikana na oksijeni na nyingine. Akazipanga kutoka nyepesi hata nzito, akianza na hidrojeni. Basi akaona jambo. Tabia zilikuwa zinarudi. Baada ya hatua kadha wa kadha alikuta tena elementi inayofanana na ile ya kwanza. Kila tabia iliporudi, alianza mstari mpya, ili ndugu akae chini ya ndugu yake. Hivyo likatokea jedwali lake, mwaka 1869.

Jedwali la leo, lile mnaloweza kuliona ukutani katika shule za sekondari, lina mistari 7 ya kulala na safu 18 za kusimama. Mistari huonyesha hesabu inavyopanda. Safu huonyesha jamaa.

Labda mtoto mmoja atauliza: "Mwalimu, katika safu moja nimeona kaboni juu na bati chini. Makaa ni meusi, huvunjika mkononi. Bati ni jeupe, hupindika. Ni ndugu kwa namna gani?"

Ni ulizo zuri, kwani hapa macho yanadanganya tena. Msiulize sura, ulizeni tabia. Kaboni ikishikana na oksijeni, kila chembe yake moja huchukua chembe mbili za oksijeni, nayo ndiyo hewa tunayoitoa puani. Chini ya kaboni iko silikoni: chembe moja huchukua mbili za oksijeni, nayo ndiyo mchanga mweupe wa ukingo wa Lualaba. Chini zaidi liko bati: chembe moja huchukua mbili za oksijeni, nayo ndiyo kasiteriti ya Kalima. Pumzi, mchanga na jiwe jeusi! Nani angeviweka katika nyumba moja? Lakini hesabu yao ni moja. Kweli, kutoka juu kwenda chini tabia nyingine hugeuka polepole: kaboni si metali, silikoni iko katikati, bati na risasi ni metali kamili. Watoto wa tumbo moja nao hawana sura moja.

Sasa sikilizeni jambo lililoufanya ulimwengu umwamini Mendeleev. Alipopanga safu hii, aliona pengo kati ya silikoni na bati. Elementi iliyofuata kwa uzito haikuwa na tabia ya jamaa ile. Mwingine angeisukuma tu ikae pale, ili jedwali lisiwe na tundu. Yeye alikataa. Aliacha nafasi wazi, akasema: mwenye mahali hapa yuko, ila hajaonekana bado. Tena, mwaka 1871, akaandika habari za mgeni huyo asiyejulikana: itakuwa metali ya rangi ya kijivu, chembe yake itakuwa na uzito wa kama 72, ukihesabu hidrojeni kuwa 1, na itakuwa nzito kuliko maji mara 5 na nusu hivi. Aliyajuaje haya? Alitazama waliokaa juu na chini, kushoto na kulia, akapima katikati yao.

Miaka 15 ikapita. Mwaka 1886 Mjerumani Clemens Winkler alichunguza jiwe lenye feza kutoka mgodi wa karibu na Freiberg, akakuta elementi mpya. Akaiita germaniumu, kwa jina la nchi yake. Uzito wa chembe yake? Ni 72,6. Na kwa maji? Mara 5,3 na zaidi kidogo. Mgeni alifika, na kiti chake kilikuwa kinamngoja. Elementi hiyo iko hata katika Kongo: imo katika mawe ya shaba na zinki ya Kipushi, karibu na Lubumbashi. Hutumika katika vioo vya kuonea gizani na katika nyuzi za kioo zinazopitisha habari za simu.

Kabla ya germaniumu palikuwa na kisa kingine, nami nakipenda zaidi. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran aligundua elementi aliyoiita galiumu. Akaipima, akasema ni nzito kuliko maji mara 4,7. Mendeleev, aliyekuwa ameiachia hiyo nayo nafasi, akaandika kutoka mbali kwamba inapasa kuwa mara 5,9 hivi, na kwamba huenda ile iliyopimwa haikuwa safi. Mfaransa akaisafisha vizuri, akaipima tena. Ikawa 5,9. Mtu ambaye hakuwahi kuiona elementi ile alimsahihisha mtu aliyeishika mkononi.

Si kila jambo lilimnyokea. Iodini ni nyepesi kidogo kuliko teluriumu, basi kwa uzito ingetangulia. Lakini tabia ya iodini ni ya jamaa ya klorini. Mendeleev akachagua tabia, akaiweka teluriumu mbele, ingawa uzito ulimpinga. Sababu ilijulikana mwaka 1913 tu, Mwingereza kijana Henry Moseley alipoonyesha kwamba kila elementi ina namba yake ya kweli, na namba hiyo si uzito. Moseley aliuawa vitani mwaka 1915, akiwa na miaka 27. Namba yake ndiyo tunayoitumia hata leo.

Namba hiyo ni nini? Chembe ndogo kabisa ya elementi huitwa atomu. Katikati yake mna kiini, na ndani ya kiini mna vitu vidogo vinavyoitwa protoni. Hidrojeni ina protoni 1, kaboni 6, bati 50, zahabu 79. Hiyo ndiyo namba. Kukizunguka kiini ziko elektroni, hesabu yake sawa na ya protoni, nazo zimekaa tabaka juu ya tabaka. Zile za tabaka la nje ndizo zinazokutana na watu wa nje, kama wenye nyumba wakaao barazani. Sodiumu ina elektroni 11: 2 ndani, 8 katikati, 1 nje. Potasiumu ina 19: 2, kisha 8, kisha 8, na 1 nje. Mwaona? Zote mbili zina moja tu barazani, nazo huitoa kwa urahisi. Klorini ina 7 nje, yapungukiwa na moja ili ijae. Basi sodiumu hutoa, klorini hupokea, na chumvi imepatikana. Kaboni, silikoni, germaniumu, bati na risasi, kila moja ina 4 nje. Ndiyo maana hesabu yao na oksijeni ni moja. Ziko na hewa kama neoni na argoni, ambazo tabaka lao la nje limejaa. Hizo hazitoi wala haziombi, hukaa peke yao. Mendeleev hakuzijua alipotunga jedwali. Zilipogunduliwa karibu na mwisho wa karne ya 19, zilipewa safu nzima mpya, na safu za zamani hazikuvunjika.

Sasa turudi kwa yale mawe yetu meusi. Katika koltani mna elementi mbili za jamaa moja, niobiumu na tantali. Jina lenyewe koltani limefupishwa kutoka kwa majina ya mawe mawili, kolumbiti na tantaliti. Mwingereza Charles Hatchett alipata ya kwanza mwaka 1801, naye Msweden Anders Ekeberg alipata ya pili mwaka 1802. Lakini zilifanana mno, hata mwaka 1809 mwenye elimu mmoja mkubwa wa Uingereza, William Wollaston, akatangaza kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Watu wakamwamini miaka mingi. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose akaonyesha kwamba ni mbili. Tantali ilikuwa na jina la Tantalus, mfalme wa hadisi za Wayunani. Rose akaipa ile nyingine jina la Niobe, binti wa mfalme huyo. Basi katika koltani baba na binti wamekaa pamoja.

Kwa nini ni vigumu kuwatenga? Elektroni zinazotumika katika kushikana ni hesabu moja, na atomu zao ni karibu sawa kwa ukubwa. Jiwe lilipokuwa likijijenga chini ya dunia, palipofaa niobiumu palifaa tantali, nalo halikuchagua. Hivyo koltani ya mlima mmoja ina tantali nyingi, na ya mlima mwingine ina kidogo, na rangi ni ile ile. Wanunuzi wakubwa hulipa kwa kadiri ya tantali iliyomo, wala si kwa kilo za jiwe tu, maana tantali ndiyo hutiwa katika vile vipande vidogo vya simu vinavyoweka umeme. Mchimbaji anayejua hili ataomba jiwe lake lipimwe mbele yake. Wolframiti nayo ina tungsteni, ya safu ya jirani. Hiyo haiyeyuki mpaka joto lipite digri 3400, kwa hiyo nyuzi za taa za umeme za zamani zilitengenezwa nayo.

Kuna safu moja ambayo undugu wake uliua watu. Ni ya kalsiumu, elementi inayojenga mifupa na meno yetu. Chini kabisa ya safu hiyo iko radiumu, waliyoigundua Marie Curie na mume wake Pierre mwaka 1898. Tangu mwaka 1921 mgodi wa Shinkolobwe katika Katanga ulichimbwa, ukatoa sehemu kubwa ya radiumu ya dunia. Radiumu hutoa miali isiyoonekana, yenye kuharibu mwili. Siku zile watu hawakujua vema. Katika Marekani wasichana waliajiriwa kuandika namba za saa kwa rangi yenye radiumu, ili zing'ae gizani, nao walichonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Mwili ulipokea radiumu kana kwamba ni kalsiumu, ndugu yake, ukaipeleka mifupani. Mataya yao yakaoza, wengine wakafa wangali vijana.

Sasa zahabu. Katika eneo la Kabambare, huko Namoya na Salamabila, zahabu inajulikana tangu zamani za Wabelgiji. Katika jedwali imekaa safu moja na shaba na feza. Juu iko shaba, namba 29, katikati feza, namba 47, chini zahabu, namba 79. Zote tatu hufuliwa zikawa nyuzi nyembamba, zote hupitisha umeme vizuri, na zote zilikuwa mali ya kununulia: kumbukeni misalaba ya shaba ya Katanga. Hapa, tofauti na jamaa ya sodiumu, ukali hupungua ukishuka. Shaba hufanya ukungu wa kijani, feza husawijika, zahabu haigeuki kamwe. Kwa hiyo zahabu hupatikana mtoni ikiwa tayari zahabu, lakini bati na chuma lazima vipikwe kutoka katika mawe.

Jirani wa zahabu, namba 80, ni zebaki. Hizi hazikai safu moja. Zebaki ni ya jamaa ya zinki na kadimiumu, na jamaa hiyo ina tabia moja ya kuangaliwa sana: hukimbia moto. Zahabu haigeuki mvuke mpaka joto lipite digri 2800, na shaba ni zaidi ya 2500. Lakini zinki hugeuka mvuke kwa digri 907, kadimiumu kwa 767, na zebaki kwa 357 tu. Moto wa makaa wa jikoni huufikia ukali huo bila shida.

Mahali pengi duniani watu wanaoosha zahabu kwa mikono huitumia zebaki. Huimimina katika mchanga mzito uliobaki karaini. Zebaki humeza punje za zahabu, ikawa donge jeupe laini. Kisha donge hutiwa motoni: zebaki hukimbia, zahabu hubaki. Mtu hufurahi kuona donge jeupe likigeuka manjano, naye haoni kilichotoka. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Anayeuvuta huingiwa na sumu katika mapafu, na kutoka huko hufika kichwani: mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea, usingizi hukataa. Mtoto aliye tumboni mwa mama huumia kuliko wote. Wala zebaki haikwishi. Mvuke ukipoa huanguka juu ya paa, kitandani na katika vyombo. Mvua huipeleka mtoni, na samaki huikusanya mwilini.

Kwa hiyo donge la zebaki halichomwi ndani ya nyumba, wala jikoni, wala penye watoto na mama wajawazito. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo haipikiwi chakula tena. Viko vyombo vilivyofunikwa, vyenye bomba, ambavyo mvuke hupoa ndani yake, na zebaki hurudi kuwa maji mazito katika bakuli, ikatumika tena. Tena wako wachimbaji wanaofanya kazi bila zebaki kabisa, kwa kuosha polepole na kurudia mara nyingi, kwani zahabu ni nzito kuliko maji mara 19 na hushuka chini ya karai yenyewe.

MAULIZO

1. Kwa nini tunasugua jiwe jeusi juu ya kipande cha sahani? Kasiteriti huacha alama gani?
2. Chumvi ya majivu na chumvi ya bahari hutofautiana kwa elementi zipi? Elementi hizo zinafanana kwa tabia gani?
3. Taja vitu vitatu ambamo chembe moja imeshikana na chembe mbili za oksijeni. Vyote vitatu ni vya safu gani?
4. Mendeleev alijuaje habari za germaniumu kabla haijaonekana?
5. Wachimbaji wawili wameuza kilo moja moja ya koltani kutoka milima miwili. Mmoja amelipwa zaidi, wala mnunuzi hakumwibia mwingine. Eleza sababu.
6. Mtu asema: "Nimechoma donge mlangoni pa nyumba, sikuona moshi, basi hapana neno." Mjibu kwa kutumia habari za jamaa ya zinki.